Machakos hadi New York: Saa Ambazo Umbali Hauzielezi

Umbali wa anga kati ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi karibu na mpaka wa Nairobi na Kaunti ya Machakos, na uwanja wa John F. Kennedy wa New York ni takriban kilomita 11,840, na idadi hiyo haibadiliki kwa msimu, kwa bei ya tiketi wala kwa aina ya ndege. Muda wa kuuvuka umbali huo ni jambo jingine kabisa. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8, ratiba ilitaja takriban saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi, ingawa njia ni ileile na ndege ni ileile. Na msafiri anayefunga mlango wa nyumba yake mjini Machakos hatumii saa 15 wala 14, bali hukaribia siku nzima kabla ya kuufungua mlango mwingine Manhattan. Inafaa kuchunguza saa hizo za ziada hutoka wapi, kwa kuwa wasafiri wengi huuliza umbali kwanza, na umbali ndio unaosema machache zaidi kuhusu safari yenyewe.

Umbali wa anga hupimwa kwa kufuata duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa tufe kati ya nukta mbili. Mstari huo hauonekani kuwa mfupi katika ramani bapa ya ukutani, kwa sababu ramani ya namna hiyo hulazimika kunyoosha na kutanua sehemu za dunia zilizo mbali na ikweta. Anayeweka rula juu ya ramani ya darasani kutoka Nairobi hadi New York huona njia ikipita Nigeria, Mali na Mauritania kabla ya kuingia katika Bahari ya Atlantiki, ilhali anayevuta uzi juu ya tufe huona uzi ukielekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo: unaivuka Uganda na Sudan Kusini, unapita karibu na mahali Sudan, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati zinapokutana, unaikata Chad, Niger na kusini mwa Algeria, unatoka Afrika kupitia Morocco, unapita kaskazini mwa visiwa vya Azores na kufika latitudo ya 42 kaskazini kabla ya kuteremka kidogo hadi New York. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa zaidi ya kilomita 300. Marubani huupima mstari huo kwa maili za bahari, ambazo asili yake ni vipimo vya mabaharia: maili moja ya bahari ni kilomita 1.852, sawa na sehemu moja ya sitini ya digrii moja ya mzingo wa dunia, na kwa kipimo hicho safari ya New York ni karibu maili 6,400. Robo ya mzingo wa dunia ni takriban kilomita 10,000, kwa hiyo New York iko ng'ambo ya robo hiyo, mbali kuliko London, ambayo iko kilomita 6,840 kutoka Nairobi, na mbali kuliko Guangzhou, mji wa China unaojulikana sana na wafanyabiashara wa Nairobi, ambao uko takriban kilomita 8,680.

Ndege, hata hivyo, hairuki juu ya tufe tupu. Inaruka ndani ya anga za nchi, na kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, inaweza kutoza ada, kutoa kibali au kukinyima, na inapokuwa vitani anga yake huwa hatari. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria, na kwa kuwa mstari mfupi wa Nairobi na London hupita juu ya Kordofan na jangwa la Libya, ndege za njia hiyo zililazimika kuzunguka. Hakuna mji uliosogea hata hatua moja. Umbali wa vitabuni ulibaki kilomita 6,840, lakini umbali uliorukwa uliongezeka, na mafuta, malipo ya wafanyakazi na dakika za abiria vikaongezeka pamoja nao. Njia ya New York haikuathirika kwa kiasi hichohicho kwa sababu huigusa Sudan pembeni tu, jambo linaloonyesha kwamba miji miwili iliyo upande mmoja wa ramani inaweza kupata hasara tofauti kutokana na vita vilevile.

Hesabu ya kasi husaidia kuona ni kiasi gani cha muda kinaelezwa na umbali peke yake. Boeing 787 husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa inapokuwa imetulia juu, katika kimo cha kilomita 10 hadi 12. Kilomita 11,840 zikigawanywa kwa kasi hiyo, jibu ni saa 13 na dakika 10 hivi. Ratiba inasema saa 15, na tofauti hiyo ya karibu saa mbili haina siri. Sehemu yake moja hutokana na namna mashirika yanavyohesabu, kwa kuwa muda unaochapishwa katika ratiba huanza pale magurudumu yanapoanza kusogea katika egesho na kuishia pale yanaposimama katika egesho la pili, hivyo unajumuisha kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda polepole na kuteremka polepole. Sehemu nyingine hutokana na kuzunguka anga zisizopitika na kufuata njia za Atlantiki ambazo wasimamizi wa anga huzipanga upya kila siku. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo inayotofautisha kwenda na kurudi, ni upepo.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliujua ukweli huu karne nyingi kabla ya injini. Jahazi lililotoka Muscat lilishuka Lamu, Mombasa na Unguja likisukumwa na kaskazi, na lilingoja kusi ili lipande tena. Nahodha hakuulizwa umbali wa Muscat ni kiasi gani, aliulizwa ni msimu gani. Ndege haingoji msimu, lakini haijaepukana na upepo. Katika latitudo za kati za kizio cha kaskazini kuna mikondo myembamba ya upepo wenye kasi kubwa, inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki karibu na kimo kilekile ambamo ndege za masafa marefu husafiri, na mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi wakati wa baridi kali ya kaskazini, hasa Desemba hadi Februari, wakati kasi yake inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Ndege inayokwenda New York hukutana nayo kama upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, tangu inapoiacha pwani ya Morocco. Ile inayorudi huipata mgongoni.

Inasikika mara nyingi kwamba tofauti hiyo husababishwa na mzunguko wa dunia, kana kwamba New York inamkimbia abiria anayekwenda, na Nairobi inamsogelea anayerudi. Maelezo hayo si sahihi. Dunia huzunguka pamoja na hewa yake, na ndege husafiri ndani ya hewa hiyo, kwa hiyo mzunguko wenyewe hauiongezei wala hauipunguzii ndege chochote. Mchango wake ni wa pembeni, kwa kuwa ndio unaoipinda mienendo ya hewa hadi upepo wa latitudo za kati ukawa wa magharibi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa upepo huo. Kutoka pwani ya Morocco hadi New York ni takriban kilomita 5,700. Ikiwa upepo wa wastani njiani ni kilomita 80 kwa saa, ndege yenye kasi ya 900 hupita juu ya bahari kwa kilomita 820 kwa saa inapokwenda na 980 inaporudi, kwa hiyo hutumia karibu saa 6 na dakika 57 upande mmoja na saa 5 na dakika 49 upande wa pili. Tofauti ni zaidi ya saa moja, na inakaribiana sana na ile inayoonekana katika ratiba. Jambo lisilotazamwa sana ni kwamba kinachopotea kwenda hakirudishwi chote wakati wa kurudi: bila upepo kabisa, safari zote mbili zingechukua saa 12 na dakika 40 juu ya bahari, lakini pamoja na upepo zinachukua saa 12 na dakika 46, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia.

Kipo kizuizi kingine ambacho ratiba haikitaji na ambacho ni cha nyanda za juu za Kenya hasa. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na ambao ulipewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, takriban asilimia 85 ya uzito wa hewa ya ufuoni, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Bawa hubebwa na hewa na injini huvuta hewa hiyohiyo, kwa hiyo hewa ikipungua uzito ndege hupata hasara mara mbili: injini hutoa msukumo mdogo, na bawa hudai kasi kubwa zaidi ardhini kabla halijainua mzigo. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na ndiyo sababu mojawapo ya safari ndefu kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa. Kwa mujibu wa maelezo ya Kenya Airways yenyewe wakati wa uzinduzi, safari ya New York ilihitaji tani 85 za mafuta kwa kila upande, marubani wanne na wahudumu kumi na wawili. Mafuta hayo lazima yainuliwe kutoka kwenye hewa nyepesi kabla ya abiria wa kwanza kuhesabiwa, na ikiwa uzito unakaribia mpaka, kinachopunguzwa ni mizigo au viti. Ndege inayorudi haina tatizo hilo, kwa kuwa uwanja wa John F. Kennedy uko karibu na usawa wa bahari.

Mfano wa Addis Ababa unaonyesha mpaka huo ukiwa umevukwa. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na ndege za Ethiopian Airlines zinazokwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, Dublin ikiwa miongoni mwa vituo vilivyowahi kutumika, ilhali zinaporudi kutoka Washington huruka moja kwa moja hadi Addis Ababa. Abiria anayesoma ratiba hiyo bila kujua kimo cha Bole anaweza kudhani ni uamuzi wa kibiashara tu. Vilevile, mtu anaweza kuuliza kwa nini safari ya New York isianzie Mombasa, ambako uwanja wa Moi uko kiasi cha mita 60 tu juu ya bahari na hewa ni nzito. Lakini Mombasa iko kilomita 420 mbali zaidi na New York, umbali wa karibu nusu saa ya kuruka, na abiria wengi wa Marekani wako Nairobi na viunga vyake, Machakos ikiwemo, kwa hiyo kilichookolewa kwa hewa kingelipwa kwa njia nyingine.

Msafiri asiyepata kiti katika ndege ya moja kwa moja, au asiyemudu bei yake, huunganisha ndege, yaani hushuka katika mji wa tatu na kupanda ndege nyingine. Hapa umbali hurudi kuwa na maana, ingawa si kwa namna inayotarajiwa. Kupitia London, jumla ya njia ni takriban kilomita 12,380, yaani kilomita 540 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja, kwa sababu London haiko mbali na mwelekeo wa jumla wa duara kuu. Kupitia Doha, msafiri huanza kwa kwenda kaskazini-mashariki kilomita 3,350, akijisogeza mbali na New York, kisha huruka karibu kilomita 10,770, jumla ikiwa zaidi ya 14,100. Ameongeza kilomita 2,280 hivi, ambazo ni saa mbili na nusu za kuruka. Hata hivyo msafiri wa London na yule wa Doha wanaweza kufika kwa muda unaokaribiana, ikiwa wa kwanza atakaa saa nne akisubiri ndege ya pili na wa pili atasubiri saa mbili. Kusubiri hakupimwi kwa kilomita.

Saa za tiketi nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu zinaandikwa kwa saa ya mahali, kila uwanja ukitumia ya kwake. Kenya iko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima. New York iko saa tano nyuma ya Greenwich wakati wa baridi na saa nne nyuma wakati wa kiangazi, kwa hiyo tofauti kati ya miji hiyo miwili ni saa nane kuanzia Novemba hadi Machi, na saa saba miezi mingine. Ndege inayoondoka Embakasi saa tano na nusu usiku mwezi wa Januari na kuruka saa 15 hufika New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tiketi humfanya msafiri aonekane ametumia saa saba tu. Anaporudi huonekana ametumia zaidi ya saa ishirini. Njia ya kuaminika ni kugeuza saa zote mbili kuwa za Kenya kabla ya kutoa. Kosa la gharama kubwa zaidi hutokea usiku wa manane: tiketi inayosema ndege inaondoka Jumanne saa 00:30 ina maana ya usiku wa kuamkia Jumanne, na anayefika uwanjani Jumanne jioni ameachwa na ndege karibu siku nzima iliyopita. Saa ya serikali yenyewe ni makubaliano. Machakos iko katika longitudo ya digrii 37 na robo mashariki, ambayo kwa hesabu ya jua ni saa mbili na dakika 29 mbele ya Greenwich, kwa hiyo jua huwa katikati ya anga ya Machakos, kwa wastani wa mwaka, karibu saa sita na nusu mchana. Mwili hufuata jua hilo, si tiketi, na msafiri anayefika New York alfajiri ana mwili unaoamini kuwa ni alasiri ya Machakos.

Hadi hapa uchambuzi umehusu anga, na anga ndiyo inayopata sifa zote. Lakini sehemu inayoyumba zaidi ya safari hii iko ardhini, kati ya kituo cha matatu cha Machakos na mlango wa jengo la abiria la Embakasi. Kwa mstari ulionyooka, mji wa Machakos uko takriban kilomita 43 kutoka uwanja huo, masafa ambayo Boeing 787 iliyotulia angani huyamaliza kwa dakika tatu. Kwa barabara ni kiasi cha kilomita 50: kushuka hadi makutano ya Kyumvi, kuingia katika barabara kuu ya Mombasa, kupita Athi River, Mlolongo na Syokimau. Barabara ikiwa wazi, saa moja inatosha. Barabara ikiwa na malori ya kutoka bandarini, malori ya viwanda vya saruji vya Athi River, foleni ya mizani ya Mlolongo na ajali moja, saa moja inaweza kuwa tatu, na hakuna anayeweza kumwambia msafiri asubuhi ni ipi kati ya hizo itamkuta jioni.

Ukosefu huo wa uhakika ni gharama hata siku ambayo barabara ni nyeupe. Msafiri wa ndege ya saa tano na nusu usiku anatakiwa kuwa kaunta saa tatu kabla, yaani saa mbili na nusu usiku, na kwa barabara ya saa moja angeweza kuondoka Machakos saa moja na nusu. Kwa kuwa anayepoteza ndege ya New York hapotezi dakika bali tiketi, na pengine siku ya kuanza masomo au kazi, huondoka saa kumi na moja jioni. Saa mbili na nusu anazojiwekea kama akiba ya tahadhari ni sawa na kilomita 2,250 angani, karibu sawa kabisa na mzunguko wote wa Doha uliotajwa hapo juu. Mwanafunzi wa Machakos anayeenda Marekani kwa ndege ya moja kwa moja hulipa basi, kwa muda, gharama ileile ambayo alidhani ameiepuka kwa kutopitia Ghuba, na huilipia akiwa ameketi juu ya sanduku lake katika ukumbi wa uwanja.

Machakos imewahi kulipia jambo la namna hii. Ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza bara kabla Nairobi haijawa mji, na kabla ya hapo Wakamba walikuwa wameshajenga biashara ya misafara hadi pwani, wakiongozwa na watu kama Kivoi, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita Athi River na kuiacha Machakos pembeni. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka huohuo ofisa wa Waingereza John Ainsworth akahamishia ofisi za utawala huko. Machakos haikusogea. Kilichosogea ni mahali ambapo njia ya haraka ilisimama, na tangu hapo mji huo umekuwa ukipimwa kwa umbali wake kutoka Nairobi. Miundombinu ya karibuni imefuata mkondo huohuo kwa kiasi kikubwa: kituo cha treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza mwaka 2017 kiko Syokimau, na barabara ya kulipia ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyoanza kutumika mwaka 2022, inaanzia Mlolongo kuelekea Westlands. Zote mbili zimo ndani ya kaunti au mlangoni mwake, na zote mbili zinaanza pale ambapo msafiri wa mji wa Machakos ameshamaliza sehemu kubwa ya njia yake.

Ulinganisho na historia ya usafiri wa anga unaonyesha jinsi safari ya anga na ya ardhini zilivyoachana. Imperial Airways ilipofungua njia ya London hadi Mwanza kupitia Kisumu mwaka 1931, safari ilichukua siku nyingi, sehemu yake ikiwa kwa treni, na abiria walilala hotelini njiani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet ilianza safari za abiria kati ya London na Johannesburg, ikitua Entebbe, na njia yote ilikamilika kwa muda usiotimia saa 24. Leo Nairobi na London zimetenganishwa na takriban saa tisa. Siku zimekuwa saa. Tangu kizazi cha kwanza cha jeti, hata hivyo, kasi ya kuruka haijapanda kwa kiasi cha kuonekana. Kilichoongezeka ni masafa, ndiyo maana 787-8, inayoweza kuruka takriban kilomita 13,500 bila kutua, iliweza kuondoa kituo cha katikati. Faida iliyobaki kupatikana juu ni ndogo, na wahandisi huitafuta kwa asilimia moja moja.

Hesabu kamili ya safari ya Januari inakuwa hivi. Msafiri anaondoka Machakos saa kumi na moja jioni, ndege inaondoka saa tano na nusu usiku, inafika New York saa nane na nusu mchana wa siku ya pili kwa saa za Kenya, na ukaguzi wa pasipoti, mizigo na njia ya kuingia mjini vikichukua saa mbili, anafika Manhattan saa kumi na nusu jioni. Jumla ni saa 23 na nusu, na saa nane na nusu kati ya hizo, zaidi ya theluthi moja, hazina uhusiano wowote na ndege iliyo mwendoni. Basi la moja kwa moja kutoka Machakos hadi Embakasi, lenye ratiba inayoheshimiwa na njia yake lenyewe kuanzia Kyumvi, lingeondoa akiba ya tahadhari ya saa mbili na nusu kwa kulifanya jambo la saa moja liwe la saa moja kila siku. Ili ndege iokoe muda huohuo, ingelazimika kuzimaliza kilomita 11,840 kwa saa 10 na dakika 40 hivi za mwendo, yaani kwa zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa, kasi inayopita ile ya sauti katika kimo hicho, ambayo ni takriban kilomita 1,060. Tangu Concorde ilipobeba abiria wake wa mwisho tarehe 24 Oktoba 2003 hakuna ndege ya abiria inayoruka kwa kasi hiyo, na Concorde yenyewe isingeweza kwenda kutoka Embakasi hadi New York bila kutua kuongeza mafuta.